Matende Hayapandi Kichwani

Kwa karibu nusu saa ya mwanzo ya *The Elephant Man* ya mwaka 1980, David Lynch anakufichia uso wa mgonjwa, Joseph Merrick, Mwingereza wa karne ya 19 aliyefananishwa na tembo. Kisha muuguzi kijana anatumwa kupeleka chakula chumba cha juu. Anafungua mlango, anapiga ukelele, na hapo ndipo unapomwona mtu mwenyewe. Ameogopa kuliko yule aliyepiga ukelele.

Ilikuwa sebuleni, Dunda, hapa Bagamoyo, filamu ikirushwa ukutani kwa projekta. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa huyu si ana matende tu?"

Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alimjibu bila kuondoa macho ukutani.

"Matende hayapandi kichwani, mwanangu. Tazama."

Watu wakaendelea kutazama. Swali lenyewe halikuniachia, wiki baada ya wiki, kwa sababu kijana alikuwa na haki ya kuuliza. Filamu ina zaidi ya saa 2 na inamaliza kukuliza bila kukuambia yule bwana aliugua nini. Nikarudi kuitazama tena, kisha nikaitafuta ile ya televisheni ya mwaka 1982, iliyorushwa na ABC kule Marekani, nikaziweka pamoja na maisha ya mtu mwenyewe. Kadiri nilivyozilinganisha, ndivyo swali la ugonjwa lilivyonivuta kwenye swali jingine: nani anasimulia, na anasimulia kwa faida ya nani.

Aliugua nini

Kwetu pwani, kuanzia Tanga na Pangani, hapa Bagamoyo, hadi Lindi na Mtwara, mguu uliovimba si jambo la kwenye sinema. Kila mtaa una mzee wake. Tunajua kwamba ni minyoo iletwayo na mbu, kwamba inaziba mishipa ya maji ya mwili, kwamba mguu ndio unaovimba kuwa matende na korodani kuwa mabusha. Tumemeza ivermectin na albendazole mikononi mwa wagawa dawa wa mtaa. Ndiyo maana mtu wa hapa akisikia habari za mgonjwa anayefananishwa na tembo, akili yake inakwenda mguuni moja kwa moja.

Ya Joseph Merrick ni mengine kabisa.

Alizaliwa Leicester, Uingereza, tarehe 5 Agosti 1862. Kichwa, mkono wa kulia, miguu na ngozi ya mgongoni vilikua kupita kiasi, mfupa pamoja na nyama. Mkono wa kushoto ulibaki mzuri, laini, wenye vidole vyembamba. Mwaka 1909, karibu miaka 20 baada ya kufa kwake, daktari Frederick Parkes Weber alisema ulikuwa ugonjwa wa uvimbe wa neva, na dunia ikalikubali jibu hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1986 madaktari wawili, Tibbles na Cohen, waliandika kwenye jarida la madaktari wa Uingereza kwamba dalili zinaelekea zaidi ugonjwa wa Proteus, unaokuza baadhi ya sehemu za mwili kupita kiasi. Mwaka 2011 chanzo cha Proteus kikapatikana: hitilafu kwenye jeni iitwayo AKT1, inayotokea kwenye seli moja mimba ikiwa bado changa. Seli zitokazo kwenye ile moja hubeba hitilafu, zilizobaki hubaki salama. Mtu hairithi kwa wazazi wala hawarithishi watoto.

Sasa ule mkono wa kushoto unaeleweka.

Angalia miaka lakini. Filamu ni ya 1980, ya televisheni ni ya 1982. Zote mbili zilitengenezwa kabla ya jibu la 1986. Walioziandika hawakuwa na jina sahihi la ugonjwa, na pengine hilo liliwasukuma zaidi kwenye kile walichoweza kukionyesha, yaani mwili na jinsi watu wanavyoutazama.

Pazia la Lynch

Njia ya Lynch ni kuficha. Daktari Frederick Treves, anayeigizwa na Anthony Hopkins, anaingia kibanda cha maonyesho kumwona kiumbe anayetangazwa. Kamera haionyeshi kiumbe, inakaza kwenye uso wa Treves mpaka chozi linamshuka. Baadaye Treves anamwonyesha Merrick kwa madaktari wenzake. Sisi tunakaa upande wa pili wa pazia na kuona kivuli tu. Anapopandishwa ngazi za hospitali amevaa kofia na gunia lenye tundu moja la jicho. Halafu ndiyo ukelele wa muuguzi.

Wapo wanaosema Lynch hapo anafanya kazi ileile ya mwenye kibanda: anakulipisha, anakusubirisha, kisha anavuta pazia. Shutuma hii ina uzito na siipuuzi. Unapokaa na hamu ya kuuona uso, hamu hiyo filamu ndiyo iliyokutia, kwa makusudi.

Ila ukiishia kwenye ukelele utakuwa umeikatia filamu nusu ya hoja yake. Baada ya pazia kufunguka, Lynch hazidishi vitisho. Anakaa na uso ule, dakika baada ya dakika, kwenye mazungumzo ya kawaida, mpaka jicho lako lizoee. Treves anamkaribisha nyumbani kwake kunywa chai. Mke wa Treves anampa mkono, naye analia kwa sababu hajazoea kutendewa wema na mwanamke mzuri. Anatoa picha ndogo ya mama yake. Pale sebuleni Dunda, kufikia chai hii hakuna aliyekuwa akizungumzia kichwa tena. Watu walikuwa wakimzungumzia mama.

Kazi ya mikono iliyo nyuma ya uso ule ni ya kuheshimiwa. Mtaalamu wa mekapu, Christopher Tucker, hakubuni kutoka kichwani mwake. Alifanyia kazi nakala za plasta zilizochukuliwa kwenye mwili wa Merrick mwenyewe alipokufa, zilizohifadhiwa hospitalini London. John Hurt alikaa kitini muda wa saa 7 hadi 8 kuvalishwa, na muda wa saa 2 hivi kuvuliwa. Huwezi kumfanyia mwigizaji hivyo kila siku, ngozi haistahimili wala mtu mwenyewe hastahimili, kwa hiyo ratiba ya upigaji picha ilibidi imfuate yeye. Halafu picha zote ni nyeusi na nyeupe, kazi ya Freddie Francis. Uamuzi huo unasaidia mambo mawili. Unaipa London moshi wake, na unasamehe mekapu, maana rangi ndiyo inayofichua plastiki kwanza.

Filamu ilipata uteuzi 8 wa Oscar na haikushinda hata mmoja. Tuzo ya kila mwaka ya mekapu haikuwapo wakati ule. Watu walilalamika, na mwaka uliofuata ikaanzishwa.

Mwili mtupu

Ya televisheni haina mekapu ya uso. Haina kabisa.

Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Bernard Pomerance, ulioanza London mwaka 1977 na kushinda tuzo ya Tony huko New York mwaka 1979. Aliyeuongoza kwenye kumbi za Broadway, New York, Jack Hofsiss, ndiye aliyeuongoza pia kwa televisheni, na Philip Anglim akabaki kuwa Merrick. Filamu ya Lynch, kwa upande wake, inatangaza kwenye maandishi yake kwamba haikutokana na mchezo huo. Ni matawi mawili ya shina moja, yaani kumbukumbu alizochapisha Treves mwaka 1923.

Pomerance aliona kuwa kumwiga Merrick sura kwa sura kungemvuruga mtazamaji. Hivyo kuna onyesho moja linalobeba mchezo wote. Treves anatoa mhadhara. Picha halisi za Merrick zinaonyeshwa kwenye pazia. Pembeni amesimama kijana mwenye mwili mzima, karibu uchi. Treves anapotaja kichwa, kijana anakilaza kichwa upande. Anapotaja mkono wa kulia, mkono unakunjika na kufa ganzi. Anapotaja nyonga, nyonga inapanda na uzito wote unahamia mguu mmoja. Mdomo unavutwa pembeni, na sauti inaanza kutokea huko. Mhadhara ukiisha umeshapewa ufunguo: uso uliouona pichani, uweke wewe mwenyewe kwenye mwili huu.

Mtu aliyepita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hahitaji kuelezwa hili. Ni sanaa inayofundishwa hapa tangu enzi za Chuo cha Sanaa: mwigizaji mmoja, kanga moja, na hadhira inayokubali kuona kisichokuwapo. Nilichotaka kukisisitiza ni gharama yake mwilini. Maandishi ya mchezo yenyewe yanaonya kwamba mwenye historia ya maumivu ya mgongo asijaribu nafasi ya Merrick, na kwamba yeyote atakayeicheza amwone daktari kwanza. Onyo hilo si la mapambo. Nyonga ikikaa juu kwa muda wa saa 2, usiku baada ya usiku, misuli ya upande mmoja hukaza na uti wa mgongo huanza kuvutika. Mwigizaji anapochoka, kosa la kwanza huonekana kwenye nyonga, inashuka taratibu bila yeye kujua. La pili ni sauti, inarudi katikati ya mdomo. Hapo hadhira inampoteza Merrick na kumwona kijana anayechechemea.

Kwa hiyo anayetaka kuujaribu asimamishe umbo kutoka miguuni kwenda juu, si kichwani kushuka chini. Kichwa kikitangulia, shingo inabeba kila kitu, na mtu hamalizi nusu ya mazoezi.

Kamera inaposogea

Hapa ndipo toleo la televisheni linaponitia shaka.

Jukwaani umekaa mbali. Huo umbali ndio unaokusaidia kujaza uso. Kamera ikisogea hadi kwenye kope za Anglim, umbali umekwisha, na unachokiona ni sura nzuri ya kijana mzima anayevuta mdomo. Mawazo yako yanafanya kazi mara mbili: kwanza kuufuta uso uliopo, pili kuuweka usiokuwapo. Isitoshe, televisheni haina mlango wa kufungwa. Aliyewasha runinga dakika 15 baada ya mwanzo hakuuona ule mhadhara, na bila mhadhara hana ufunguo. Atajiuliza kwa nini kila mtu anashtuka.

Nilitaka kuishia hapo na kuipa filamu ushindi.

Kilichonizuia ni masikio. Nikiitazama filamu, kumbukumbu inayobaki ni sura, moshi na muziki. Nikiitazama ya televisheni, kinachobaki ni maneno ya Merrick. Macho hayana pa kushangaa, kwa hiyo unasikiliza, na Merrick wa Pomerance ana ulimi mkali. Mhudumu wa hospitali anafukuzwa kazi kwa kumchungulia. Merrick anauliza yule mtu na watoto wake watakula nini. Anaambiwa ni kwa ajili ya wema wake yeye Merrick. Naye anajibu kwa swali: ikiwa huruma yenu ndiyo kali hivi, haki yenu ikoje?

Merrick wa Lynch hasemi jambo kama hilo. Anashukuru. Kwa muda mrefu wa filamu, anashukuru.

Safari ya Ubelgiji

Mpangilio halisi ni huu. Mwaka 1884 Merrick anaonyeshwa katika duka moja barabara ya Whitechapel, London, ng'ambo ya hospitali anakofanya kazi Treves, na hapo Treves anamkuta. Polisi wanafunga onyesho. Anapelekwa bara la Ulaya. Meneja wake anamwibia akiba yake, inayotajwa kuwa pauni 50 hivi, na kumtelekeza Ubelgiji. Mwaka 1886 anarudi London peke yake, anazingirwa na umati kituo cha reli cha Liverpool Street, na polisi wanamkuta na kadi ya Treves. Tangu hapo anaishi hospitalini hadi kufa.

Filamu inaihamisha Ubelgiji. Kwa Lynch, Merrick yuko salama hospitalini tayari, kisha yule mwenye kibanda, Bytes, anakuja kumwiba usiku na kumvusha bahari. Badiliko hilo linaleta msisimko, silikatai. Linaleta ile mbio ya kituoni na kilio chake kwamba yeye ni binadamu.

Lakini ona linachokifanya. Mahali pa wizi wa pesa panawekwa wizi wa mtu. Aliyeibiwa pesa ni mtu aliyekuwa na pesa, aliyefanya kazi, aliyeweka akiba. Aliyeibwa mwenyewe ni mali.

Bytes hakuwapo. Mwenye duka la Whitechapel aliitwa Tom Norman, naye aliacha maelezo yake: kwamba walikuwa washirika, kwamba mapato waligawana sawa kwa sawa, na kwamba Merrick alikataa kurudi kwa madaktari kwa sababu kule alivuliwa nguo na kujihisi kama mnyama mnadani. Norman alikuwa na sababu za kujisafisha, na maneno yake tuyapokee tukilijua hilo. Ila Treves naye alikuwa na sababu zake, na ndiye aliyeaminiwa na kila mtu. Hata jina alilikosea. Kwenye kitabu chake aliandika John, na filamu na mchezo vyote vikamfuata. Mtu aliitwa Joseph.

Mchezo, na televisheni pamoja nao, unaiweka Ubelgiji mahali pake: anaibiwa, anafukuzwa, anarudi. Mwibaji anarejea baadaye kumwomba washirikiane tena, na Merrick anamkatalia mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwa onyesho hilo moja naisamehe televisheni picha zake zote za karibu.

Inaonyesha pia jambo ambalo filamu inalipitia haraka, nalo ni hesabu. Hospitali ile haikuruhusiwa kukaa na wagonjwa wasiotibika. Mwenyekiti wake, Carr Gomm, aliandika barua kwa gazeti la *The Times* Desemba 1886 kuomba msaada, na michango ikaja ya kutosha kumtunza Merrick maisha yake yote. Barua ile nayo ilikuwa tangazo. Watu walitoa pesa kwa sababu ya umbo lake, kama walivyokuwa wakitoa mlangoni kwa Norman. Halafu wakaja wageni wakubwa, akiwamo Binti Mfalme Alexandra mwaka 1887. Pomerance analisema hili waziwazi: kila mgeni anayemtembelea Merrick anajiona yeye mwenyewe ndani yake.

Kifo cha mchana

Filamu inamalizia usiku. Merrick anamaliza kielelezo chake cha kanisa, anaondoa mito iliyokuwa ikimkalisha wima, analala chali kama watu wengine. Muziki wa Samuel Barber unapanda. Nimeona watu wazima wakitoka nje kufuta macho.

Merrick alikutwa amekufa mchana, tarehe 11 Aprili 1890, yapata saa 9 alasiri, amelala kitandani, akiwa na umri wa miaka 27. Kichwa chake kilikuwa kizito mno kwa kulala chali, na siku zote alilala ameketi, amejikunja, kichwa juu ya magoti. Kwamba alitaka kulala kama watu wengine ni dhana ya Treves, aliyoiandika zaidi ya miaka 30 baadaye. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba alijinyoosha kidogo baada ya chakula, akapitiwa na usingizi.

Nasita kuilaumu filamu kwa hili. Mtu anayeuguza anajua kwamba baada ya msiba tunatafuta mpangilio kwenye saa za mwisho, nani alisema nini, aligeukia wapi. Lynch amefanya hivyo kwa mikono ya fundi. Lakini kifo kilichochaguliwa na kifo kilichomkuta mtu usingizini ni hadithi mbili tofauti. Ya kwanza inamwacha mtazamaji na amani ambayo huenda mgonjwa hakuwa nayo.

Leicester, ambako hakuna kamera iliyokwenda

Mtu akiniuliza aanze na ipi, namwambia aanze na ya televisheni, autazame ule mhadhara wote bila kuinuka, kisha filamu. Kwa mpangilio huo sikio linakuwa limeshafunguka kabla jicho halijatekwa. Pale Dunda tuliziangalia kinyume.

Kijitabu kidogo kinachoaminika kuwa masimulizi ya Merrick mwenyewe, kilichouzwa kwenye maonyesho yake, kinaanzia mbali na Whitechapel. Mama yake alikufa Merrick akiwa bado mtoto, naye mama wa kambo hakumtaka. Akiwa na miaka kama 13 alikuwa akisokota sigara za majani kiwandani, mpaka mkono wa kulia ukawa mzito mno kwa kazi hiyo. Baba akampatia leseni ya kuchuuza bidhaa za dukani kwake nyumba kwa nyumba. Watu walifungua mlango, wakamwona, wakafunga. Wengine hawakuyaelewa maneno yake. Leseni haikufanywa upya. Mwishoni mwa 1879 akaingia nyumba ya maskini ya Leicester, ambako chakula kililipiwa kwa kazi, akakaa humo zaidi ya miaka 4. Huko Leicester ndiko alikofanyiwa upasuaji wa kupunguza nyama iliyokuwa imemtoka mdomoni.

Matoleo yote mawili yanaanza baada ya hapo, siku daktari anapoingia.

Anayetafuta mchezo mfupi wa watu wanne au watano, bila mekapu na bila pazia, aanzie kwenye barua ya mwaka 1884. Kijana wa miaka 21, mkono mmoja tu unaomtii, anamwandikia Sam Torr, mchekeshaji na mwenye ukumbi wa burudani mjini Leicester, kumwuliza kama ana kazi kwa mtu mwenye umbo kama lake. Torr alikwenda kumwona, wakakubaliana, na Agosti ya mwaka huo Merrick akatoka nyumba ya maskini kwa hiari yake.